Rudolf Laban: Mwalimu aliyetaka dansi ianze kwa mtoto mwenyewe

Rudolf Laban, mmoja wa watu waliobadili ufundishaji wa dansi barani Ulaya katika karne ya 20, alifariki dunia tarehe 1 Julai 1958 katika mji wa Weybridge, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 78. Aliacha mwandiko wa kurekodi miondoko ya mwili unaotumika hadi leo, vitabu kadhaa, na wazo lililoingia katika shule nyingi za watoto: kwamba mtoto hapaswi kupewa dansi ya watu wazima ili aiige, bali afundishwe kwa kufuata hatua za kukua kwake.

Aliacha pia swali zito. Mwaka 1933, mwalimu huyu aliyeamini kwamba kila mtoto huzaliwa na dansi mwilini mwake alianza kuwaondoa watoto darasani kwa sababu ya ukoo wao. Maisha yake yanaonesha faida ya elimu inayomchunguza mtoto jinsi anavyokua. Yanaonesha vilevile hatari ya elimu hiyo inapokuwa mikononi mwa watu wanaotaka kupanga binadamu kwa madaraja.

Mtoto wa ofisa wa jeshi

Laban alizaliwa tarehe 15 Desemba 1879 katika mji ambao Wahungari waliuita Pozsony na Wajerumani wakauita Pressburg. Leo mji huo unaitwa Bratislava, nao ni mji mkuu wa Slovakia. Wakati ule ulikuwa ndani ya dola kubwa ya Austria na Hungary, iliyokusanya mataifa na lugha nyingi chini ya mfalme mmoja.

Baba yake alikuwa ofisa wa ngazi ya juu jeshini, na kazi yake ilimpeleka Bosnia na Herzegovina, nchi ambazo zilikuwa zimetawaliwa na Waturuki kwa karne nyingi. Kijana Rudolf alikaa huko kwa vipindi. Katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1935 alisimulia jinsi alivyovutiwa na dhikri za madaruweshi, watu ambao kwa mwendo wa mwili uliorudiwa kwa muda mrefu walifikia hali ya kutohisi maumivu. Hapo ndipo alipoanza kufikiri kwamba mwendo wa mwili hufanya kazi ndani ya nafsi ya mtu, wala si pambo la kutazamwa tu.

Baba alitaka mwanawe awe askari. Mwaka 1899 Laban aliingia katika chuo cha kijeshi karibu na Vienna, lakini hakudumu. Aliacha sare, akamwoa mchoraji Martha Fricke mwaka 1900, akaenda Paris kujifunza sanaa. Martha alifariki mwaka 1907. Miaka mitatu baadaye Laban alimwoa mwimbaji Maja Lederer. Alikuwa na watoto katika ndoa zote mbili na nje ya ndoa, lakini hakukaa nao sana. Malezi ya wengi wao yaliangukia mama zao na jamaa. Mtu aliyekuja kuwafundisha walimu namna ya kumtazama mtoto hakuwa baba aliyeonekana sana nyumbani kwake.

Kutoka mlimani hadi mjini

Mwaka 1913 Laban alianza kuendesha shule ya majira ya joto kwenye kilima cha Monte Verità, karibu na kijiji cha Ascona nchini Uswisi. Watu waliochoshwa na maisha ya viwandani walikwenda huko kulima, kula mboga na kuishi juani. Mwaka huohuo alimpokea mwanafunzi Mary Wigman, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wacheza dansi mashuhuri zaidi Ujerumani. Wanafunzi walicheza nje, miguu mitupu, mara nyingi bila ala za muziki ila ngoma na sauti zao wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Laban alihamia Ujerumani. Mwaka 1920 alichapisha kitabu chake kikubwa cha kwanza kuhusu ulimwengu wa mcheza dansi. Alianzisha kundi la maonesho mjini Hamburg, na shule zilizobeba jina lake zikachipuka katika miji mingi. Alianzisha pia kile alichokiita kwaya za miondoko, ambamo makarani, wafanyakazi wa viwandani na vijana wasio na ujuzi wa jukwaani walicheza pamoja makumi kwa makumi, kama vile wanakwaya wanavyoimba pamoja.

Mwaka 1928 alitangaza mwandiko wake wa kurekodi miondoko. Kabla ya hapo dansi nyingi zilipotea mara waliozijua walipofariki, kwa kuwa hapakuwa na mwandiko ulioenea kama ule wa muziki. Katika mwandiko wa Laban, alama husomwa kutoka chini kwenda juu, na kila alama hueleza ni kiungo gani kinasogea, kinaelekea wapi na kwa muda gani. Kwa njia hiyo, dansi iliweza kuhifadhiwa na kusomwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona.

Samaki na mkunjo wake

Ili kuelewa Laban alikuwa anapingana na nini, ni lazima kuitazama dansi ya Ulaya kama ilivyofundishwa kabla yake. Shule ya dansi ya Opera ya Paris ilianzishwa mwaka 1713, na mfumo wake ulienea hadi Urusi na kwingineko. Mtoto alichukuliwa akiwa mdogo, akasimamishwa kando ya ufito ulioshikizwa ukutani, akafundishwa nafasi tano za miguu. Mafunzo yalianza na kielelezo kilichokamilika, yaani mwili wa mcheza baleti mtu mzima, na kazi ya mtoto ilikuwa kukikaribia kielelezo hicho mwaka baada ya mwaka.

Wahenga wa Kiswahili walisema samaki mkunje angali mbichi, na walimu wa baleti wangekubaliana nao bila kusita. Laban aliuliza jambo ambalo methali hiyo hailigusi: je, samaki mwenyewe anajipinda vipi kabla hajakunjwa na mtu?

Jibu lake lilianza na kutazama. Mtoto mchanga hurusha miguu na mikono kwa mwili wake wote. Hasogezi kiungo kimoja peke yake. Udhibiti wa mwili huanza kichwani na kushuka, na kutoka kiwiliwili kwenda vidoleni. Mtoto wa miaka mitatu huruka kwa miguu yote miwili pamoja. Kuruka kwa mguu mmoja huja kwa wengi karibu na mwaka wa nne, na kurukaruka kwa kupokezana miguu huja wakiwa na miaka mitano au sita. Anayemdai mtoto hatua ambayo mwili wake haujaifikia humfundisha kuiga umbo la nje tu, na mara nyingi humfundisha pia kujiona hawezi.

Mwaka 1926 Laban alichapisha kitabu kuhusu mazoezi ya viungo na dansi ya mtoto. Elimu ya kuchunguza ukuaji wa akili na mwili wa mtoto, inayoitwa leo saikolojia ya makuzi, ilikuwa changa. Miaka kumi baadaye Jean Piaget, aliyefanya kazi Geneva, alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wake watatu, akaeleza kwamba katika miaka miwili ya kwanza mtoto huijenga akili yake kwa kushika, kunyonya, kutazama na kusogeza vitu. Laban hakuwa mwanasayansi wa aina hiyo. Hakufanya majaribio wala hakupima. Hata hivyo, kwa jicho la mchoraji na mcheza dansi, alifika karibu na jambo lilelile: kwa mtoto, kusogea na kufikiri havijatengana.

Ngazi iliyopandishwa mataifa

Lakini wazo la hatua za ukuaji lilikuwa na upande wa pili, na upande huo uliigusa Afrika moja kwa moja. Mwanasaikolojia wa Marekani Granville Stanley Hall, katika kitabu chake cha mwaka 1904 kuhusu ujana, alieneza nadharia kwamba mtoto anapokua hurudia historia yote ya binadamu. Kwa nadharia hiyo, mtoto wa Ulaya alikuwa anapita mahali ambapo mababu wa kale walipita, na watu wa mabara mengine walihesabiwa kuwa bado wako utotoni au ujanani.

Historia ya dansi iliandikwa kwa kufuata ngazi hiyohiyo. Mwaka 1933 mtaalamu wa muziki Curt Sachs alichapisha mjini Berlin historia ya dansi duniani. Alianza na miondoko ya sokwe waliochunguzwa katika kisiwa cha Tenerife, akaendelea na dansi za watu wa Afrika, Asia, Marekani na visiwa vya bahari kuu waliokuwa hai wakati wake kana kwamba walikuwa kumbukumbu za zama za mawe, na safari yake ikaishia katika kumbi za Ulaya. Sachs mwenyewe alikuwa Myahudi, na mwaka uleule alilazimika kuikimbia Ujerumani. Kitabu chake kilitafsiriwa na kusomwa vyuoni kwa miongo mingi.

Kosa la ngazi hiyo ni rahisi kulieleza. Mtoto hukua na kuwa mtu mzima. Ngoma ya kabila moja haikui ikawa baleti. Mzee anayeongoza ngoma yenye midundo mitatu inayopishana mwilini mwake si mtoto wa mtu yeyote. Amepita hatua zake zote za kujifunza ndani ya ngoma yake mwenyewe, na ngoma hiyo ina historia ndefu sawa na dansi nyingine yoyote.

Laban hakuepuka kasumba ya zama zake. Alizuru Marekani mwaka 1926, na alipoandika juu ya safari hiyo katika tawasifu yake, aliwadharau Wamarekani weusi akidai kwamba hawakuwa wabunifu katika dansi. Aliyasema hayo wakati dansi zilizobuniwa na Wamarekani hao zilikuwa zikichezwa katika kumbi za Berlin na Paris. Jicho lililoweza kusoma mkono wa mtoto mchanga halikuona kilichokuwa mbele yake.

Berlin, 1933

Mwaka 1930 Laban aliteuliwa kusimamia dansi katika Opera ya Taifa mjini Berlin, nafasi ya juu kabisa kwa mtu wa kazi yake nchini Ujerumani. Opera hiyo ilikuwa na darasa la watoto. Mwezi Januari 1933 Adolf Hitler akawa mkuu wa serikali, na mwezi Aprili sheria za kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma zikapitishwa.

Nyaraka zilizochunguzwa na wanahistoria miaka mingi baadaye zinaonesha kwamba kufikia Julai 1933 Laban alikuwa anawaondoa katika darasa hilo watoto waliotajwa kuwa si wa damu ya Kijerumani. Watoto hao hawakuondolewa kwa kushindwa mazoezi wala kwa utovu wa nidhamu. Mizani iliyotumika haikuwa na uhusiano wowote na miili yao, umri wao au vipaji vyao.

Wanaomtetea husema alikuwa mwajiriwa wa serikali na alitii amri. Hoja hiyo ina udhaifu, kwa kuwa palikuwa na mfano mwingine karibu naye. Kurt Jooss, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa na kundi lake mwenyewe la dansi, alitakiwa mwaka uleule awafukuze Wayahudi aliofanya nao kazi, akiwamo mtunzi wa muziki Fritz Cohen. Jooss alikataa, akaondoka Ujerumani na kundi lake zima.

Laban alibaki. Alipoacha kazi ya opera mwaka 1934 alipewa cheo kikubwa zaidi chini ya Wizara ya Propaganda ya Joseph Goebbels, na akaandaa matamasha ya dansi ya taifa mwaka 1934 na 1935. Zile kwaya za miondoko alizozianzisha ili watu wa kawaida waonje furaha ya kucheza pamoja ziliingia vizuri katika mipango ya serikali iliyopenda kuona umati ukisogea kama mwili mmoja.

Mwisho wake ulikuja ghafla. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1936, Laban alitayarisha onesho la wacheza dansi wapatao 1,000 kutoka miji 30. Tarehe 20 Juni 1936 Goebbels alitazama mazoezi ya mwisho katika uwanja mpya wa maonesho mjini Berlin. Hakupendezwa, aliona kazi hiyo ni ya kifikra mno, na kwamba haikutumikia itikadi ya chama. Onesho likapigwa marufuku. Laban akapoteza vyeo vyake, na shughuli zake zikabanwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na safari hii aliyeivuta ngozi alikuwa na mkono wenye nguvu kuliko wake.

Ukimbizini Uingereza

Mwaka 1937 Laban alifika Paris, mgonjwa na bila fedha. Mapema mwaka 1938 alipokelewa Dartington, shamba kubwa lenye shule na karakana za sanaa katika jimbo la Devon, Uingereza. Aliyekuwa na makao huko tayari ni Kurt Jooss, mtu yuleyule aliyekataa kuwafukuza wenzake. Mkimbizi wa kwanza alimfungulia mlango mkimbizi wa pili, ingawa sababu zao za kukimbia hazikufanana.

Aliyemuuguza na kumrudishia nguvu za kufanya kazi alikuwa Lisa Ullmann, mwalimu wa dansi mzaliwa wa Berlin. Bila yeye, sehemu ya pili ya maisha ya Laban isingekuwapo. Yeye ndiye aliyeingia darasani siku kwa siku, akawafundisha walimu wa Kiingereza na kuyageuza mawazo ya mzee huyo kuwa masomo yenye mpangilio.

Vita vilipoanza, raia wa nchi adui hawakuruhusiwa kukaa karibu na pwani. Laban na Ullmann walikwenda Wales, kisha mwaka 1942 wakahamia Manchester, mji wa viwanda. Huko Laban alifanya kazi na mshauri wa viwanda F. C. Lawrence. Wanaume walikuwa vitani, na wanawake walikuwa wamechukua kazi zilizopangwa kwa kufuata nguvu za wanaume. Laban aliwatazama wakiinua mizigo mizito, na badala ya kuwataka waongeze nguvu za misuli, aliwaelekeza watumie uzito wa mwili wao na mbembeo wake. Mwaka 1947 yeye na Lawrence walichapisha kitabu kuhusu uchunguzi huo.

Katika kazi hiyo alikamilisha msamiati wake wa miondoko. Kila tendo la mwili, alieleza, linaweza kuelezwa kwa mambo manne: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Kwa kuunganisha matatu ya kwanza alipata matendo manane ya msingi: kukandamiza, kupiga, kukamua, kufyeka, kuteleza, kudonoa, kung'uta na kuelea. Anayekandamiza hutumia nguvu, polepole, kwa njia iliyonyooka. Anayekung'uta vumbi nguoni hutumia wepesi, ghafla, kwa njia inayopindapinda. Mwenye macho anaweza kuyaona matendo hayo kwa mwashi, kwa mpishi, kwa mcheza baleti na kwa mtoto anayecheza mchangani.

Mada kumi na sita

Uingereza ya baada ya vita ilikuwa tayari kumsikiliza. Sheria ya Elimu ya 1944 ilifungua shule za sekondari kwa watoto wote, na mwaka 1947 umri wa kuacha shule ulipandishwa hadi miaka 15. Wazazi na walimu wengi walikuwa wamechoka na mazoezi ya viungo yaliyofanana na gwaride. Mwaka 1946 Ullmann alifungua studio ya sanaa ya miondoko mjini Manchester, na walimu wakaanza kumiminika. Mwaka 1953 studio hiyo ilihamia Addlestone, karibu na London.

Mwaka 1948 Laban alitoa kitabu chake kuhusu dansi ya kisasa katika elimu, kilichoandikwa kwa ajili ya walimu na wazazi. Ndani yake alipanga mada 16 za miondoko kwa kufuata ukuaji wa mtoto. Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu humo ndimo wazo lake lilipogeuka kuwa kazi ya darasani.

Mada ya kwanza ni kuutambua mwili. Inafuatwa na kutambua uzito na muda, kisha nafasi, kisha mtiririko wa mwili katika nafasi na muda. Katika mada ya tano ndipo mtoto anapoanza kujirekebisha kwa mwenziwe. Baadaye huja matumizi ya viungo kama vyombo vya kazi, matendo ya kiungo kimoja kimoja, na midundo ya kazi za kila siku. Nusu ya pili ni ya waliokua zaidi: maumbo ya miondoko, kuunganisha yale matendo manane, kujua pande za nafasi, kujiinua juu ya ardhi, hisia ya kundi, mipangilio ya kundi, na mwisho kabisa namna miondoko inavyobeba hali za moyo.

Mpangilio huo ulipindua mambo. Kuruka na kujiinua, ambako baleti ilikuhesabu kuwa fahari yake, kuliwekwa mada ya 13. Kuonesha hisia, ambako wazazi wengi hukutaka mara moja kutoka kwa mtoto aliyesimamishwa mbele ya wageni, kuliwekwa mwisho. Na mada ya kwanza haikumtaka mtoto aonekane mzuri machoni pa mtu yeyote. Ilimtaka ajue ana magoti, ana mgongo, ana viwiko.

Mwalimu naye alibadilishiwa kazi. Hakusimama mbele akionesha hatua ili zirudiwe. Alitoa jukumu: pitia chumba bila kugusa mtu, simama kama kitu kizito, kisha kama kitu chepesi, jibu mwendo wa mwenzako. Kisha alitazama. Mtoto anayefanya kila jambo kwa ghafla alisaidiwa kuonja upole. Anayeelea tu alisaidiwa kukanyaga ardhi kwa nguvu. Lengo halikuwa kumfanya kila mtoto awe mcheza dansi wa jukwaani, bali kumpa kila mmoja miondoko mingi zaidi ya ile aliyokuja nayo.

Lawama na waliopokea kazi

Mafanikio yalileta lawama. Kufikia miaka ya 1960 na 1970, wataalamu wa elimu walilalamika kwamba madai ya Laban kuhusu akili na nafsi ya mtoto hayakuthibitishwa kwa majaribio. Wengine waliona kwamba katika baadhi ya madarasa watoto waliachwa wajieleze bila kufundishwa ufundi wowote, na bila kuoneshwa hata kazi moja kubwa ya dansi ya watu wengine. Lawama hiyo ya pili ilikuwa na uzito. Hatua za ukuaji humweleza mwalimu mtoto yuko wapi. Hazimpi peke yake kitu cha kumfundisha.

Hata hivyo, waliopokea kazi yake waliipeleka mahali ambapo yeye hakufika. Irmgard Bartenieff, aliyeondoka Ujerumani kwenda Marekani mwaka 1936, alitumia mafunzo ya Laban kuwasaidia wagonjwa wa polio mjini New York kurudisha uwezo wa kusogea. Judith Kestenberg, daktari wa magonjwa ya akili, alifuatilia miondoko ya watoto tangu kuzaliwa kwa miaka mingi, na kwa msamiati wa Laban akatunga njia ya kuitafsiri. Veronica Sherborne alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili mjini Bristol, na kuonesha kwamba mtoto asiyeweza kusema anaweza kuzungumza na mtu mzima kwa kusukumana, kubebwa na kubembea.

Katika historia ya dansi pia, msamiati huo ulitumika kinyume na ile ngazi ya kale. Mwandiko wa Laban hauulizi ngoma fulani iko katika hatua gani ya ustaarabu. Unauliza kiwiliwili kinasogea kama kipande kimoja au vipande viwili, uzito uko wapi, mguu unaikanyaga ardhi vipi. Kwa maswali hayo, ngoma inayochezwa magoti yakiwa yamekunjwa na uzito ukiwa umeshushwa ardhini haiwi baleti iliyoshindwa kunyanyuka. Inakuwa elimu kamili ya mwili yenye kanuni zake, na yenye njia yake ya kumchukua mtoto kutoka pembezoni mwa duara hadi katikati. Chombo hicho kiligeuka kuwa cha haki kuliko mikono iliyokitengeneza.

Hesabu ya maisha

Studio ya Laban iliendelea baada ya kifo chake, ikahamia London katika miaka ya 1970, na leo ni sehemu ya chuo kikubwa cha muziki na dansi chenye jengo katika eneo la Deptford. Wanafunzi kutoka mabara yote husoma humo. Katika shule za msingi za nchi nyingi, walimu wanaowaambia watoto wasogee kwa wepesi kisha kwa uzito hutumia mpangilio wake, mara nyingi bila kulijua jina lake.

Wanahistoria hawajakubaliana juu ya namna ya kumhukumu. Wapo wanaomwona msanii aliyejidanganya kwamba angeweza kuilinda dansi ndani ya nyumba ya wauaji. Wapo wanaosema aliipenda nafasi ya juu kupita alivyowapenda watu. Yaliyothibitishwa yanatosha kukataza sifa zisizo na masharti, na pia yanatosha kukataza kuitupa kazi yake yote.

Kwa mwalimu wa leo, hesabu hiyo ina funzo linalotumika. Kujua hatua za ukuaji wa mtoto ni elimu ya kumsaidia huyo mmoja aliye mbele yako: alipo sasa, na hatua inayofuata. Mara elimu hiyo inapotumika kuamua ni mtoto yupi anastahili kuingia, au ngoma ya watu gani ihesabiwe kuwa ya kitoto, imekwisha kuwa kitu kingine. Laban aliyajua makuzi ya mwili kuliko watu wengi wa zama zake. Watoto walioondolewa darasani Berlin mwaka 1933 walikuwa na magoti, mgongo na viwiko kama wenzao waliobaki. Walikuwa tayari kwa mada ya kwanza.